MCHEZAJI NAYE NI MFANYAKAZI

Garrincha wa Brazil alizaliwa mwaka 1933, mwenye miguu iliyopinda, akafanya kazi katika kiwanda cha nguo kabla ya kuingia timu ya Botafogo. Mwaka 1958, na tena 1962, aliisaidia nchi yake kutwaa Kombe la Dunia. Kisha goti likamtesa, ulevi ukamshika, fedha zikamponyoka. Alikufa mwaka 1983, fukara, akiwa na umri wa miaka 49. Umati ukafurika kumlilia.

Twauliza: machozi hayo yalikuwa wapi alipokuwa hai? Ulevi ulikuwa kosa lake, hatukatai. Lakini mwili wa mchezaji ndio jembe lake, na jembe huchakaa. Ndugu, sisi tunaomshangilia mchezaji uwanjani, tumdaie akiba ya uzeeni kwa mwajiri wake, kama tumdaiavyo kila mfanyakazi.