Majibu ya damu yaandikwe na kizio chake

Mfanyabiashara wa Kasumulu akiambiwa mzigo ni "elfu kumi", swali lake la kwanza ni: elfu kumi za wapi? Shilingi, kwacha au faranga? Halipi kabla ya kujua. Lakini mtu huyo huyo hukunja karatasi ya majibu ya damu yenye namba tupu, akaitia mfukoni na kuvuka nayo mpaka.

Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, tatizo hili linaonekana waziwazi. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000. Leo wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kule walikotoka, sukari mara nyingi huandikwa kwa gramu au miligramu. Malawi na Tanzania mara nyingi hutumia milimoli kwa lita. Kwa mtu ambaye hajala tangu usiku, 1.26, 126 na 7 ni kitu kimoja: mpaka ambapo kisukari huanza. Aliyezoea kusikia 126 akiambiwa sasa ana 11, hudhani ameshuka. Kumbe 11 ni karibu 198.

Kwa figo ni hatari zaidi, maana kisukari huziharibu polepole bila maumivu. Kreatinini, taka ambayo figo husafisha, ikisomwa 1.1 Bukavu mwaka jana na 190 Lilongwe mwaka huu, namba hizo mbili hazizungumzi. Igeuze ile 1.1 na utapata takriban 97 kwa mikromoli. Yaani taka imeongezeka karibu maradufu ndani ya mwaka mmoja, na daktari angepaswa kushtuka. Bila kizio, ataanza kupima upya kana kwamba mgonjwa hana historia. (Wapo pia wanaotupa karatasi na kubaki na picha ya simu iliyokatwa pembeni, palepale kizio kilipoandikwa.)

Kuanza upya si jambo dogo. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warudi Dzaleka. Kwa hiyo safari ya kwenda Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, si ya kujiamulia asubuhi. Ikipotea kwa sababu ya karatasi isiyosomeka, imepotea.

Mradi wa maabara wa Afrika Mashariki ulioanza 2010 uliziunganisha Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, kisha Burundi. Malawi ikaingia katika mradi wa kusini pamoja na Lesotho, Msumbiji na Zambia. Mgonjwa wetu anapita katikati ya miradi hiyo. Tanzania, Kongo na Malawi zote ni wanachama wa SADC, na tunaona hapo ndipo wizara za afya zinapoweza kukubaliana jambo hili rahisi: kila jibu litoke na kizio, kiwango cha kawaida cha maabara hiyo, tarehe, na kama mtu alipimwa kabla au baada ya kula. Saba ya baada ya kula haina ubaya wowote.

Kwa sasa, ndugu msomaji, usiondoke dirishani na namba tupu. Mwombe mtaalamu wa maabara aandike kizio kwa kalamu, kisha weka karatasi hiyo pamoja na pasipoti.