Msondo: Jina Hubadilika, Ngoma Hubaki

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Ipo ngoma moja nchini iliyowakanusha wahenga, nayo inafaa kutafakariwa na sisi watu wa mwambao wa Ruvuma na visiwa vyake.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz. Mpigaji gitaa, ambaye hadi siku hizo jamii ilimhesabu kuwa mhuni, akawa mwajiriwa mwenye mshahara, na ala zikawa mali ya chama. Mfano huo ukaigwa: polisi, vijana wa TANU na kiwanda cha nguo cha Urafiki nao wakawa na bendi.

Kwa kuwa alikuwa na uhakika wa riziki, msanii alipata nafasi ya kutafuta sauti yake. Wakati ule miji yetu ilicheza rumba na chacha zilizofika kwa santuri kutoka Kuba na Kongo. NUTA Jazz haikuzikataa, ila iliuita mtindo wake Msondo, jina la ngoma ndefu ya unyago inayojulikana sana mwambao. Wimbo ukaanza taratibu ili maneno yasikike, kisha ukachemka, magitaa yakijibizana na tarumbeta na saksafoni.

Chama kilipogeuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Ilipokuja OTTU mwaka 1991, ikawa OTTU Jazz. Hatimaye wanamuziki walibaki na jina la mtindo wenyewe, Msondo Ngoma. Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuwamo tangu mwanzo, alihamia Mlimani Park mwaka 1978, akapitia Safari Sound, kisha akarejea nyumbani. Alipokuwa nje bendi haikufa, kwani mwaka 1982 aliingia TX Moshi William, ambaye tungo zake ziliipa bendi wasikilizaji wapya. Moshi alifariki mwaka 2006 na Gurumo mwaka 2014, lakini Msondo haukuzikwa pamoja nao.

Fundisho ni wazi. Sanaa haidumu kwa kusifiwa majukwaani siku za sherehe. Hudumu ikiwa na ala, na malipo, na wazee wanaowarithisha vijana, na ruhusa ya kubadilika bila kulisahau chimbuko.

Sisi wa kuanzia Mikindani hadi Mtawanya na Msimbati tunayo sindimba, ambayo taifa zima limeicheza. Tunazo ngoma za unyago na za jando. Lakini kijana wetu anayetaka kujifunza gitaa au saksafoni aende wapi? Ngoma hizo zitaingiaje katika muziki wa leo, kama msondo ulivyoingia, ikiwa hakuna ala wala mwalimu?

Halmashauri zetu zinapata ushuru wa korosho na wa gesi. Tunawaomba viongozi wetu watenge sehemu ndogo ya fedha hizo kila mwaka kununua ala, kuwalipa wazee wanaojua, na kurekodi nyimbo zao wakingali hai. Afisa utamaduni asiyekuwa na fungu ni mvuvi asiye na wavu.

Wafanyakazi waliweza mwaka 1964, nchi ikiwa changa na maskini. Sisi leo tutatoa udhuru gani?