Sifa za Dalali

Msomaji, ndururu ya 1936, mfano wa ile iliyolala miaka mingi sandukuni mwa nyanya yako huko Thika au Ruiru, siku hizi hutangazwa mnadani kana kwamba ni johari. Ina tundu katikati na jina la Edward VIII, mfalme aliyeshika ufalme Januari mwaka huo na kuuacha Desemba. Dalali husema: utawala mfupi, basi sarafu adimu. Hoja hii ni batili. Uchache wa siku za mfalme si uchache wa sarafu zake. Zilipigwa chapa kwa mamilioni, zikaenea Afrika ya Mashariki, na hata leo hazina uhaba. Wakusanyaji wazoefu hucheka wasomapo tangazo la namna hiyo. Mimi sicheki, kwa kuwa anayeliamini ni kijana mwenye akiba ya karo. Naye akishinda mnada, hutozwa ada juu ya bei ya nyundo, ambayo katika nyumba kubwa za London hufika asilimia 20 na kupita. Hesabu ya sarafu zilizopigwa chapa imo vitabuni, na dalali anavyo mezani pake. Mbona haiandiki kando ya sifa zake?