Gari Imetoka kwa Fundi, Haraka Isubiri

Daladala ya 309 ikikaa kwa fundi wiki tatu, nyumba nzima Jambiani hujua. Ada ya watoto huchelewa, dukani huongezeka deni, na siku injini inapowaka tena kila mtu anataka fedha zilizopotea zirudi upesi. Hapo ndipo injini nyingi huharibika mara ya pili.

Injini ya dizeli iliyofanyiwa ovahoo huwa na ringi mpya ambazo bado hazijakaa. Hukaa pale nguvu ya mafuta yanayowaka inapozisukuma zisuguane na ukuta wa silinda mpaka zizibe vizuri. Gari ikiachwa ingurume kutwa bila kutembea, msukumo huo huwa mdogo, ukuta hung'aa kama kioo na ringi hushindwa kukaa. Ikipakiwa mifuko ya saruji siku ya kwanza, joto hupanda na vyuma hukwaruzana. Njia zote mbili mwisho wake ni injini inayokula oili na kutoa moshi wa buluu.

Kwa hiyo mzazi mwenye gari na kijana wake dereva wakubaliane mapema. Jambiani hadi mjini ni kama kilomita 55, hivyo safari tano za kwenda na kurudi ni kilomita 550 hivi. Katika safari hizo abiria wawe wa kiasi, magunia ya mwani yasubiri, mwendo ubadilishwe mara kwa mara, na mafuta yasikanyagwe hadi mwisho. Gari ikilemewa, gia ishushwe.

Kijana atasema, "Baba, abiria wapo, wenzetu wanajaza." Ni kweli. Lakini abiria wa ziada wa siku chache hawalipi seti nyingine ya ringi, wala wiki nyingine tatu za deni.

Baada ya hapo oili ya kwanza imwagwe na filta ibadilishwe, maana zimebeba vumbi la chuma. Fundi aliyeifunga injini akitaja kilomita nyingine, afuatwe yeye. Fedha ya oili hiyo itengwe kabla ya hesabu ya kwanza kugawiwa, na ashike mtu wa nyumbani asiyeshika usukani.

Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, oili na maji ya rejeta yaangaliwe. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi, na chumvi hula chuma. Rejeta ipewe maji yake maalumu.

Mtoto wa darasa la sita anaweza kushika daftari: tarehe, kilomita, oili iliyoongezwa. Oili ikiongezwa kidogo kidogo, kisha siku zikapita bila kuongezwa, ringi zimekaa. Ikizidi kupungua, gari irudi kwa fundi mapema, kabla haijalala tena.