TAHARIRI: Mpakani nako kuwekwe ubao wa alama

Tarehe 7 Agosti 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan jijini Tokyo, Feryal Abdelaziz wa Misri alimshinda Iryna Zaretska wa Azerbaijan 2-0 katika fainali ya karate ya Olimpiki. Akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kutwaa dhahabu ya Olimpiki.

Wametoka nchi za mbali, lakini kanuni zao ni moja: yuko alama moja, waza-ari mbili, ippon tatu. Alama zilikuwa ubaoni, na aliyeshindwa alijua ameshindwa kwa nini.

Mfanyabiashara wa Arua anayevuka Vurra kwenda Ariwara, au wa Koboko anayepita Oraba kwenda Kaya, mara nyingi hana ubao wa kuutazama. Hulipa anachoambiwa.

Kanuni zipo. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kongo 2022. Jumuiya ina cheti rahisi cha uasili kwa mizigo midogo ya bidhaa za humu humu, isiyozidi thamani ya dola 2,000, ili isitozwe ushuru wa forodha. Kanuni isiyojulikana haimsaidii mchuuzi.

Tunazitaka mamlaka za forodha zibandike ada na masharti hadharani, kwa Kiswahili, Kilugbara, Kikakwa na Kiarabu cha Juba. Nanyi wafanyabiashara, ulizeni cheti na mdai risiti. Kushindwa kwa alama zinazoonekana si aibu. Kulipa usichokijua ni hasara tupu.