Rangi ya Heroe Imo Majini

Wanaokwenda Nakuru kustaajabia wekundu wa heroe hawana budi kufahamu kwamba asili ya rangi ile si ndege mwenyewe. Yatokana na vijiumbe vidogo mno, viitwavyo spirulina, ambavyo hunasa mwanga wa jua kwa klorofili ya kijani, fikosianini ya buluu na karotenoidi, vikajitengenezea chakula. Heroe avilapo, karotenoidi hizo humtia wekundu.

Vijiumbe hivyo hustawi penye magadi. Mvua zilipozidi, maziwa yalifurika na magadi yakazimuliwa. Mwaka 2024, wanasayansi waliopima kwa setilaiti klorofili ya maziwa 22 ya Afrika Mashariki, tangu 1999 hadi 2022, walieleza kuwa chakula hicho kimepungua.

Mvua haizuiliki. Lakini kufyeka msitu wa Mau, na kuachia maji machafu ya mji yaingie ziwani, ni kazi ya mikono yetu. Serikali za Kenya na Tanzania zinapaswa kuyalinda kwa pamoja maziwa ya Nakuru, Bogoria na Natron, kwani heroe hajui mpaka. Ndege akila huku na kutaga kule, ulinzi wa upande mmoja haumfai.