Baridi ya Mbulu siyo chanjo ya malaria

Leo nina hoja moja tu, na inawahusu zaidi wenzangu wa Manyara.

Kwetu tumezoea kujisifu kwamba mbu hatumjui. Ukitandika chandarua hapa bweni, wa Mbulu na wa Hanang ndio wa kwanza kukucheka. Na kweli malaria kwetu ni kidogo: utafiti wa taifa wa 2017 ulikuta asilimia 7.3 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wana vimelea, Manyara chini ya asilimia 1. Safi. Ila kwa mama mjamzito, sifa hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Kinga ya malaria hatuzaliwi nayo kwa kuwa watu wa milimani. Mwili huijenga kwa kuambukizwa mara nyingi. Hata mama wa Geita aliyekua na malaria huyumba kwenye mimba ya kwanza, kwa sababu vimelea hunata kwenye kondo la nyuma, jambo ambalo Michal Fried na Patrick Duffy walilionyesha mwaka 1996 kwa utafiti wa magharibi mwa Kenya. Mimba zinazofuata, mwili wake unakuwa umeshajifunza. Wa kwetu je? Kajifunzia wapi? Iwe mimba ya kwanza au ya sita, akiambukizwa anaweza kupata malaria kali, kuishiwa damu, mimba kutoka, au kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo.

Na jamani, hatukai mlimani mwaka mzima. Watu wanashuka Yaeda Chini, wanafuata vitunguu Mang'ola na mpunga Magugu. Dada zetu wanaolewa huko huko.

Kwa hiyo msimamo wangu: mjamzito anayeshuka bondeni ashuke na chandarua. Kliniki aanze mapema, maana tangu 2014 utaratibu ni kupimwa malaria hudhurio la kwanza, na dawa ya SP akipewa na nesi aimeze. Akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo. Panadol siyo kipimo.

Na sisi tunaosomea ualimu, tukienda kufundisha kinga darasani tusiishie kwenye chembe nyeupe za damu. Tuwaambie watoto wa Mbulu na Hanang ukweli kuhusu mama zao.

Naomba kuwasilisha.